Betri ya lithiamu inapokataa chaji asubuhi ya baridi: jibu kwa msomaji wa Makete

Msomaji mmoja wa Makete, mkoani Njombe, ameniletea swali ambalo nimeona nilijibu kwa urefu. Nyumbani kwake amefunga paneli 6 za sola za wati 550, inveta ya volti 48 na betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100, na fundi aliiweka betri hiyo kwenye stoo ya mabati iliyo nyuma ya nyumba. Tangu Juni ilipoanza, kila asubuhi anga inapokuwa safi, inveta huonyesha kwamba paneli zina umeme lakini betri haipokei hata ampea moja mpaka kwenye saa 4, ingawa taa na friji vinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kipimajoto alichokitundika ukutani husoma nyuzi 4 au 5 alfajiri, si sifuri. Fundi amemwambia kwamba kihisi joto cha betri kina hitilafu, na amependekeza mambo mawili: ama kikomo cha baridi kishushwe kwa programu ya simu hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, ama kihisi chenyewe kitolewe kwenye seli na kubandikwa ubavuni mwa inveta, mahali penye joto. Msomaji anauliza kama betri imeharibika, kama akubali, na kwa nini kaka yake anayeishi Minneapolis, Marekani, ana betri ya lithiamu kwenye gereji ya gari na inachaji hata katikati ya majira ya theluji.

Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyoyatoa, betri yako ni nzima. Kinachoizuia kupokea chaji ni kinga aliyoiweka mtengenezaji kwa makusudi, nayo inafanya kazi yake sawasawa. Nakuomba usikubali pendekezo lolote kati ya yale mawili, kwa sababu yote mawili yanaondoa kinga na kuiacha baridi palepale ilipo, na madhara yake hayaonekani siku hiyo wala wiki hiyo. Yanaonekana baada ya miezi, wakati ambapo hakuna fundi awezaye kuyarekebisha.

Nianze na jambo lililokushangaza, kwamba taa zinawaka huku chaji imegoma. Ndani ya betri yako kuna seli 16 zilizounganishwa kwa mfuatano, na juu yake kuna bodi ya udhibiti ambayo mafundi wote huiita BMS. Bodi hiyo ina swichi za kielektroniki za aina mbili, moja ya kuruhusu umeme uingie kwenye seli na nyingine ya kuruhusu utoke, na kila moja huzimwa kwa sababu zake. Joto la seli linaposhuka hadi kwenye kikomo, swichi ya kuingiza huzimwa lakini ile ya kutoa hubaki kazini. Kwa betri nyingi za aina yako watengenezaji huruhusu umeme utolewe hata kwenye nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri, ilhali hukataza kuchaji chini ya sifuri. Ukielewa kwa nini kutoa na kuingiza vina vikomo vilivyoachana kiasi hicho, umeelewa karibu jambo zima.

Seli ya betri yako ina pande mbili. Upande chanya umetengenezwa kwa mchanganyiko wa lithiamu, chuma na fosfati. Upande hasi ni grafiti, ile ile iliyomo kwenye penseli, iliyopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Katikati kuna utando wenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, uliolowa kimiminika kinachoitwa elektrolaiti. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, hutoka upande chanya, hupita katika kimiminika na kwenye utando, kisha hujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti na kukaa humo. Betri inapotumika, hurudi zilikotoka. Betri hudumu miaka mingi kwa sababu safari hiyo hurudiwa maelfu ya mara na karibu kila ioni hufika salama.

Baridi huichelewesha safari hiyo katika kila hatua. Elektrolaiti inakuwa nzito na ioni zinapita humo kwa shida. Zikifika kwenye uso wa grafiti, zinachukua muda mrefu zaidi kujivua molekyuli za kimiminika zilizozizunguka ili ziweze kuingia. Na zikiisha kuingia, zinasogea polepole kuelekea ndani. Inveta haina habari ya yote hayo. Ikiwa jua ni kali na imeagizwa kupeleka ampea 30, itapeleka ampea 30. Matokeo yake ni kwamba ioni zinafika kwenye uso wa grafiti kwa kasi kuliko grafiti inavyoweza kuzipokea, na zile zinazokosa nafasi hupokea elektroni papo hapo juu ya uso na kugeuka kuwa metali ya lithiamu. Nafasi ya kukwepa hali hiyo ni finyu sana tangu mwanzo, kwa kuwa grafiti iliyoshiba lithiamu huwa juu ya metali ya lithiamu kwa takriban sehemu moja tu ya kumi ya volti. Ukinzani unaoongezeka kwa sababu ya baridi unaimaliza tofauti hiyo ndogo, na kuanzia hapo metali hujengeka badala ya ioni kuingia.

Sehemu ya metali hiyo huweza kurudi kuwa ioni betri inapotumika. Sehemu nyingine haitarudi kamwe: hutengana na grafiti au huungana na elektrolaiti na kuwa taka iliyokwama ndani ya seli. Lithiamu ya seli ni ile iliyotiwa kiwandani, haiongezwi, kwa hiyo kila chembe iliyokwama ni uwezo uliopotea moja kwa moja. Tena metali hiyo haijengeki kwa usawa. Huelekea kuota kama vijisindano, na kijisindano kikiurefukia utando na kuutoboa, pande mbili za seli hugusana kwa ndani. Hapo tatizo si tena betri kupungua nguvu, bali ni joto lisilozuilika ndani ya nyumba ya mtu. Betri za fosfati ni tulivu kuliko aina nyingine nyingi za lithiamu, lakini utulivu huo haukukusudiwa kubeba seli zilizotobolewa kwa ndani.

Waliotengeneza betri za kwanza za lithiamu za kuchajiwa waliijua hatari hii vizuri. Mwaka 1989 kampuni ya Moli Energy ya Canada ililazimika kuziondoa sokoni betri ambazo upande wake hasi ulikuwa metali tupu ya lithiamu, baada ya visa vya kuwaka moto katika simu za mkononi nchini Japani. Betri ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991 ilitumia kaboni upande hasi ili metali isiwepo kabisa, na betri iliyo stooni kwako inafuata kanuni hiyo hiyo. Mtu anayeichaji kwenye baridi anaitengeneza upya, ndani ya sanduku lililofungwa, metali ile ile ambayo kaboni ililetwa ili kuiepuka.

Kutoa umeme hakuna hatari hiyo, kwa kuwa ioni zinaondoka kwenye grafiti na hakuna msongamano juu ya uso wake. Kwenye baridi betri itashusha volti mapema kidogo na itaonekana kama imepungukiwa, lakini joto likirudi uwezo huo nao unarudi. Ndiyo sababu BMS inaziachia taa zako.

Sasa kuhusu kikomo chenyewe. Watu wengi huisoma sifuri kama mpaka mkali, kwamba kwenye nyuzi 1 kila kitu ni salama na kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri kila kitu ni hatari. Sivyo. Hatari inategemea vitu vitatu kwa pamoja: joto la seli, ukubwa wa mkondo unaoingia, na kiasi ambacho betri imekwisha kujaa. Seli yenye nyuzi 3 inayopokea ampea 5 ikiwa nusu tupu iko katika hali nzuri kuliko seli yenye nyuzi 6 inayosukumiwa ampea 50 ikiwa imejaa robo tatu. Ndiyo maana majedwali ya watengenezaji makini hayaishii kwenye sifuri tu; kati ya sifuri na nyuzi 10 huwa yanataka mkondo mdogo, mara nyingi wa kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu mbili za kumi za uwezo wa betri. Kwa betri yako ya ampea-saa 100 hizo ni ampea 10 hadi 20. Paneli zako, zenye jumla ya wati 3,300, zikipigwa na jua la kutosha zinaweza kutoa zaidi ya ampea 60 kwa volti 52. Hata kwenye saa 3 asubuhi, zikitoa nusu tu ya nguvu zake, ni ampea 30 na ushei.

Hapa ndipo ningependa uitazame hali ya Makete kwa makini, kwa kuwa ina jambo ambalo maelekezo ya betri yaliyoandikwa Ulaya hayalitaji. Usiku wenye baridi kali kuliko yote huko kwenu, kuanzia Juni hadi Agosti, ni ule usio na wingu hata moja. Ardhi na mapaa hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani, na ndipo sakitu inapotanda kwenye mashamba ya viazi na kwenye nyasi za Kitulo. Anga ile ile isiyo na wingu ndiyo inayokupa jua kali mara tu linapopanda. Katika nchi za kaskazini ya mbali, jua la majira ya baridi ni dhaifu na linapita chini upeoni, na mara nyingi paneli zimefunikwa na theluji. Kwako wewe, saa ambayo seli ni baridi kuliko wakati mwingine wowote inafuatwa papo hapo na saa ambayo paneli, zikiwa zenyewe zimepoa na kwa hiyo zinafanya kazi vizuri zaidi, zinaleta umeme mwingi. Wanaoishi Kinangop na Ol Kalou nchini Kenya wanaipata hali hii hii katika usiku mkavu wenye sakitu.

Hilo linajibu pia swali la kipimajoto chako. Kinga inasoma joto la seli, na joto la seli si joto la hewa ukutani. Stoo ya mabati hupoa usiku hata kuliko hewa inayoizunguka. Bila shaka umeona asubuhi matone yakidondoka kutoka upande wa ndani wa bati, na hiyo ni dalili kwamba bati limekuwa baridi kuliko hewa ya ndani. Betri yenye uzito wa kilo 45 hivi iliyolazwa sakafuni humo hupoa taratibu usiku kucha, na ikishapoa hairudi haraka. Hewa inaweza kufika nyuzi 12 kwenye saa 3 asubuhi huku seli zikiwa bado kwenye nyuzi 3 au 4. Zaidi ya hayo, kinga hizi zina vikomo viwili, kimoja cha kuzima na kingine cha kuwasha tena. Mpangilio wa kawaida ni kuzima kwenye sifuri na kuruhusu tena kwenye nyuzi 5, na watengenezaji wengine huweka kikomo cha kuzima juu zaidi ya sifuri. Kwa hiyo betri iliyofikia kikomo saa 11 alfajiri itaendelea kukataa chaji mpaka seli zipande juu ya kikomo cha pili, na kwa stoo yako saa 4 asubuhi ni muda unaoeleweka kabisa. Fungua ile programu ya simu kabla jua halijatoka na usome joto la kila kihisi. Betri nyingi zina viwili au zaidi. Vikikubaliana, tofauti isizidi nyuzi mbili tatu, kihisi hakina hitilafu yoyote. Kingekuwa kimekatika, kwa kawaida kingeonyesha namba isiyo na maana, kama vile nyuzi 40 chini ya sifuri, saa zote za mchana na usiku.

Ukikubali kushusha kikomo hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, BMS itaruhusu chaji na inveta itakuwa inasukuma ampea 30 kwenye saa 3 asubuhi katika seli zilizopoa. Utafurahi, kwa sababu betri itajaa mapema. Ukikubali kihisi kihamishiwe ubavuni mwa inveta, ni hatari maradufu, kwa kuwa kihisi hicho hicho ndicho kinachoilinda betri dhidi ya joto kali. Seli zikianza kuchemka mchana wa Novemba, au seli moja ikiwa na hitilafu, bodi itakuwa inasoma joto la kitu kingine. Katika kazi hii sijui jambo baya kuliko kifaa cha usalama kilichoachwa kionekane kinafanya kazi na kumbe kimeelekezwa kwingine.

Kuna mpangilio mmoja ambao ningependa ukaguliwe leo, kabla ya mengine yote. Wengi mnaotumia lithiamu sasa mlianza na betri za risasi, zile za maji au za jeli, na inveta au kidhibiti chaji kinaweza kuwa bado kina mipangilio ya zamani. Betri ya risasi ikipoa huhitaji volti kubwa zaidi ili ijae, kwa hiyo vifaa hivyo hupandisha volti vyenyewe kadiri joto linavyoshuka, kwa kiasi cha milivolti 3 hadi 5 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja. Mfumo wa volti 48 wa risasi una seli 24. Kwa milivolti 4, kutoka nyuzi 25 hadi sifuri ni nyongeza ya volti 2.4, yaani volti 56.8 zinapanda hadi 59.2. Betri yako ya lithiamu, yenye seli 16, ukomo wake wa juu ni volti 58.4. Lithiamu haihitaji nyongeza hiyo hata chembe. Mwambie fundi aizime kabisa, na achague aina ya betri iliyoandikwa lithiamu kwenye inveta. Kama betri na inveta vinaweza kuunganishwa kwa waya wa mawasiliano, waya huo ufungwe, kwa sababu kwa njia hiyo BMS huiambia inveta ipeleke ampea ngapi kulingana na joto la seli, na inveta hupunguza yenyewe kwa utaratibu badala ya kukatiwa ghafla.

Kuhusu tiba yenyewe, iliyo bora ni kuitoa betri stooni. Chumba cha ndani chenye kuta za tofali za kuchoma na dari, hata kisichowashwa moto, hakishuki joto kama stoo ya mabati, kwa sababu kuta nene hutunza joto la mchana na dari huzuia joto lisipande hadi kwenye bati. Chagua ukuta wa kati, usio wa nje, na iinue betri kutoka sakafuni. Isiwe chumba cha kulala, wala isizibe njia ya kutokea endapo pataunguliwa, wala isiwe jirani na jiko la kuni. Inveta nayo ihame pamoja nayo, maana nyaya nene kati ya betri na inveta zinatakiwa ziwe fupi, na fyuzi ikae karibu na betri. Najua hii ni kazi ya siku nzima na ina gharama ya nyaya, lakini kwa nyumba nyingi za nyanda za juu ningeichagua kabla ya kifaa chochote cha kununua.

Ikiwa haiwezekani kuihamisha, tengeneza sanduku. Mbao za paina hazikosekani huko kwenu. Weka kuta mbili za mbao zenye nafasi ya sentimita 5 katikati, ujaze sufi ya nyuzi za kioo ambayo haishiki moto, na usitumie sponji la godoro kwa hali yoyote, kwa sababu likiwaka halizimiki kirahisi na moshi wake ni sumu. Kwa hesabu yangu, betri ya ukubwa wa yako ndani ya sanduku la namna hiyo hupoa kwa muda wa karibu mara tatu ya ule inaotumia ikiwa wazi, na hiyo inatosha kuivusha usiku mwingi wa Makete bila msaada wowote, mradi imeingia jioni ikiwa na joto la mchana. Inveta ibaki nje ya sanduku kwa sababu inahitaji hewa. Kifuniko kiwe cha kuondolewa, na kuanzia Septemba kiondolewe, kwa kuwa joto kubwa nalo huizeesha betri na kuna kikomo cha juu cha kuchaji pia, ambacho kwa betri nyingi kiko kati ya nyuzi 45 na 55.

Kwa usiku wenye sakitu yenyewe unaweza kuongeza hita ndogo ya wati 50 hadi 100 yenye themostati, iliyofungwa kwenye bamba la bati chini ya betri ili joto lisambae badala ya kuchoma sehemu moja. Watu huogopa kwamba itamaliza umeme. Tupige hesabu. Kuipandisha betri ya kilo 45 kwa nyuzi moja kunahitaji takriban wati-saa 12 na nusu. Kuitoa nyuzi 3 hadi 10 ni wati-saa 90 hivi, na ukiongeza upotevu weka 150. Betri yako inabeba zaidi ya wati-saa 5,000, kwa hiyo tunazungumzia asilimia 3 tu. Na si lazima utumie umeme wa betri. Inveta nyingi za kisasa hulisha vifaa vya nyumbani moja kwa moja kutoka kwenye paneli hata betri inapokataa chaji, kwa hiyo hita inaweza kuwashwa jua linapotoka na kutumia umeme ule ule ambao sasa unapotea bure mpaka saa 4. Themostati iwashe kwenye nyuzi 5 na kuzima kwenye nyuzi 12. Ninakuonya kwa dhati dhidi ya kuingiza jiko la mkaa kwenye chumba cha betri ili kukipasha, jambo ambalo nimeona watu wakilifanya katika sehemu za baridi. Licha ya hatari ya moto, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Wakati unasubiri sanduku au kuhama, ingia kwenye mipangilio ya inveta na upunguze kikomo cha chaji hadi ampea 15 kwa miezi hii ya baridi. Ikiwa inveta yako inaruhusu kupanga kwa saa, weka ampea 10 mpaka saa 5 asubuhi na 40 baada ya hapo. Kwa ampea 15 kuanzia saa 4 hadi saa 11 jioni unaweza kurudisha zaidi ya yuniti 5, na hiyo ni betri nzima.

Kuhusu kaka yako wa Minneapolis, tofauti haiko kwenye seli, iko kwenye kilichowekwa pembeni ya seli. Powerwall ya Tesla, kwa mfano, imeandikiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 50, na inaweza hivyo kwa sababu inatumia sehemu ya umeme kujipasha moto kabla haijapokea chaji. Betri nyingine huwa na mikeka ya joto iliyobandikwa kwenye seli, na BMS huupeleka mkondo wa chaji kwenye mikeka hiyo kwanza. Ukimwuliza asome joto la ndani la betri yake inapochaji, hatakutajia namba iliyo chini ya sifuri. Siku ukinunua betri ya pili, muulize muuzaji maswali mawili na umtake akuonyeshe majibu kwenye karatasi ya vipimo: je, ina mfumo wa kujipasha, na je, BMS yake huzima chaji kwa kufuata joto la seli? Zipo betri za bei ya chini zinazouzwa bila kinga hiyo ya pili, na mwenye nayo hawezi kujua, kwa sababu haigomi kamwe. Kuna pia betri za lithiamu titaneti, ambazo upande wake hasi uko takriban volti 1.55 juu ya metali ya lithiamu na ambazo huchajiwa kwenye baridi kali bila wasiwasi huu, lakini bei yake ni kubwa na kwa ukubwa ule ule hubeba umeme mchache, kwa hiyo kwa nyumba yako singezipendekeza.

Mwisho, hukuniuliza, lakini inafaa ujue kama tayari kuna madhara. Kama kikomo hakijawahi kuguswa, sioni sababu ya hofu. Kama fundi alikwisha kukishusha hata kwa wiki chache, fanya kipimo hiki. Mchana wenye joto, betri ikiwa juu ya nyuzi 15, ijaze mpaka iishe kupokea na uiache saa moja. Kisha zima paneli, tumia umeme wa nyumbani kwa mzigo wa kawaida usiobadilika sana, wati 500 hadi 1,000, na uandike wati-saa zilizotoka mpaka BMS ikate yenyewe. Betri ya yuniti 5.12 ambayo bado mpya inapaswa kukaribia namba hiyo kwenye programu ya BMS. Kwenye inveta utaona pungufu kidogo kwa sababu ya upotevu wa kubadilisha umeme. Wakati wa kipimo angalia pia volti za seli moja moja, hasa mwishoni, kwa maana seli iliyoumia hutangulia kushuka huku nyingine 15 zikiwa bado juu. Andika matokeo na uyatunze pamoja na risiti. Bodi nyingi za BMS hutunza kumbukumbu za joto na chaji, na dhamana nyingi haziwajibiki kwa betri iliyochajiwa nje ya vikomo vyake. Kwa hiyo, kama kikomo kilibadilishwa bila ruhusa yako, mwombe fundi akuandikie kwa mkono wake ni tarehe ipi alikibadilisha na namba ya awali ilikuwa ngapi, kisha airudishe mbele yako.